Pezi la roketi limebanduka? Soma uso uliovunjika kabla hujanunua gundi nyingine

Pezi likibanduka wengi wetu tunaanza na gundi. Inalaumiwa, inanunuliwa nyingine ya bei kali, inapakwa vilevile kama ya kwanza, na pezi linatoka tena. Kwenye viungo vya metali na kompositi (nyuzi za kioo au kaboni zilizogandishwa ndani ya gundi ngumu), yani alumini juu ya bomba la faibaglasi, kaboni juu ya alumini, ukingo wa titani kwenye pezi la kaboni na vingine vya aina hiyo, gundi yenyewe ni mara chache sana kuwa na kosa. Kosa linakuwa kwenye uso uliobandikwa, au kwenye joto, au kwenye namna mzigo unavyoingia kwenye kiungo, na uzuri ni kwamba kiungo kikivunjika kinakuachia ushahidi wote mkononi, ila watu wanaupiga msasa kabla hawajautazama.

Kwa hiyo kwanza kabisa usifute, usipige msasa, usijaribu kurudishia pezi ili uone kama linakaa. Chukua pande zote mbili, ile ya pezi na ile ya bomba, nenda kwenye mwanga mzuri, piga picha kwa karibu. Utakuta metali iko wazi na gundi yote imebaki kwenye kompositi, au kinyume chake, au gundi iko pande zote mbili imepasuka katikati, au nyuzi za faiba zimeng'oka zimebaki zimeganda kwenye gundi. Mara nyingi ni mchanganyiko, na hapo unatafuta mpasuko ulikoanzia, kawaida ni ncha ya mbele au ya nyuma ya shina la pezi, ule ukingo unaogusa bomba. Hapo ndo penye jibu, kwingine kote ni matokeo tu ya ule mwanzo.

Jambo moja la usalama kabla hatujaendelea. Kanuni za NAR, chama cha roketi cha Marekani cha tangu 1957, zinakataza metali kwenye pua, bodi na mapezi ya roketi ndogo za modeli, na kwa roketi za nguvu kubwa metali inakubalika pale inapolazimu tu tena iwe ile inayopinda, sio inayopasuka vipande. Kama roketi yako inaruka kwa mota ndogo, plaiwudi au faibaglasi inatosha kabisa na haya mambo ya metali huyahitaji. Alafu metali nyuma ya roketi inarudisha kitovu cha uzito nyuma, uthabiti unapungua, kwa hiyo piga hesabu upya kila unapobadilisha mapezi.

DALILI: metali imetoka safi, gundi yote iko upande wa kompositi

Hii ndo inayosumbua kuliko zote na ndo nitakaa nayo zaidi, manake mtu anaangalia alumini inang'aa anasema gundi haishiki alumini. Inashika, na sana tu. Kilichotokea ni kwamba gundi haikuigusa alumini, iligusa kitu kilichokuwa juu yake, mafuta au oksidi ya zamani.

Anza na mafuta. Bati la alumini linatoka kiwandani na mafuta ya kuviringishia, alafu linapita mikononi mwa watu, alafu fundi aliyelikata kalipaka mafuta ya kukatia. Mtu akianza na msasa anachofanya ni kuyasukuma yale mafuta ndani ya mikwaruzo ambako kitambaa hakifiki tena. Mpangilio ni huu: safisha kwanza kwa asetoni au aisopropili ya asilimia 99, alafu msasa, alafu safisha tena. Kufuta nako kuna namna yake, unatumia taulo nyeupe za karatasi, unafuta kuelekea upande mmoja, unabadilisha taulo, na unafuta ile maji maji kabla haijakauka yenyewe kwa sababu ikikauka yenyewe inaacha uchafu palepale ulipokuwa. Unaendelea mpaka taulo itoke nyeupe. Petroli hapana, ina viongezi. Thina ya rangi ya dukani hapana, hujui ndani kuna nini na nyingine zinaacha utando. Spiriti yenye rangi ya zambarau nayo hapana, ile rangi inabaki juu ya metali. Asetoni inashika moto haraka sana kwa hiyo fungua madirisha na jiko liwe mbali.

Vyanzo vya mafuta ambavyo watu hawavifikirii: hewa ya kompresa (kompresa nyingi za gereji zinatema mafuta kidogo pamoja na hewa, mtu anapuliza vumbi kumbe anapaka mafuta), sufu ya chuma ambayo inapakwa mafuta isipate kutu dukani, glavu zenye poda au silikoni, na ile dawa ya kung'arishia dashibodi ya gari ikipulizwa kwenye chumba hichohicho. Silikoni ni adui mbaya, ikishaingia kwenye karakana inasambaa kila mahali. Tumia glavu za nitrili zisizo na poda na ubadilishe kila ukishika kitu kingine.

Sasa oksidi. Alumini ikipigwa msasa inaanza kujifunika oksidi mpya palepale, hilo huwezi kulizuia na wala sio tatizo, ile oksidi changa ni nyembamba na inashika vizuri. Tatizo ni ile ya zamani, nene, iliyonyonya unyevu na uchafu, ile inabanduka yenyewe kutoka kwenye metali. Kwa hiyo piga msasa namba 80 mpaka 120, kwa kukatisha mistari pande mbili tofauti, mpaka rangi yote ya zamani iishe na uso uwe na kijivu kimoja, na ubandike ndani ya saa hiyohiyo. Ukipiga msasa Jumamosi ukabandika Jumapili umeshapoteza kazi, hasa kama uko Dar au Mombasa ambako hewa ina unyevu muda wote.

Njia ninayoipenda kuliko zote kwa watu wa nyumbani ni ya wajenzi wa boti, nayo ni kupiga msasa ndani ya epoksi, ile gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa. Ukishasafisha na kupiga msasa mkavu, unachanganya epoksi kidogo bila unga wowote, unapaka utando mwembamba kwenye alumini, alafu unapiga msasa juu ya ileile epoksi ikiwa bado mbichi. Alumini mpya inayofunuliwa inakutana na epoksi badala ya hewa. Unafuta ule uji mweusi, unaacha utando, unapaka ile gundi yako nzito juu yake ile ya chini ikiwa bado inanata. Haina gharama na tofauti yake unaiona ukivunja vipande vya majaribio.

Na kabla ya gundi kuna kipimo cha maji. Mwaga maji safi juu ya metali. Yakitandaa kama utando mmoja usiokatika kwa nusu dakika hivi, uso uko safi. Yakijikusanya matone au kukimbia sehemu fulani, hapo pana mafuta, rudi mwanzo. Ukimaliza kausha vizuri, kwa joto dogo. Kipimo hiki kinashika mafuta tu, hakikwambii lolote kuhusu oksidi dhaifu, kwa hiyo kisikufanye uruke msasa.

Kama alumini yako ina rangi ya anodaizi, ile nyekundu au nyeusi ya kung'aa, mara nyingi imeshafungwa vitundu vyake kwa maji ya moto na gundi haina pa kuingia. Iondoe yote sehemu ya kubandika. Viwanda vya ndege vinatumia anodaizi ya asidi ya fosforiki ambayo Boeing waliiendeleza miaka ya 1970 na haifungwi makusudi ili gundi iingie, alafu kuna dawa za soli-jeli kama AC-130 zinazopakwa baada ya msasa na kuacha daraja la kikemia kati ya metali na epoksi. Soli-jeli mtu wa kawaida anaweza kuitumia akifuata maelezo, lakini ikishachanganywa muda wake ni mfupi. Zile asidi za zamani zenye kromiki achana nazo kabisa, zinasababisha kansa na hakuna pezi lenye thamani hiyo.

Chuma cha kawaida kinafuata njia hiyohiyo ila kinaota kutu haraka mno, bandika mara moja. Stenlesi na titani ni vigumu zaidi, uso wake ni mtelezi, pata mtu mwenye mashine ya kupulizia mchanga wa alumina uliokuwa haujatumika (uliotumika una kutu na mafuta ya kazi za watu wengine) na ongeza soli-jeli ukiweza.

DALILI: kompositi ndo imetoka safi

Ukiona upande wa faibaglasi au kaboni unang'aa na gundi yote iko kwenye metali, basi kuna kitu kilikuwa juu ya kompositi. Bomba la faibaglasi lililosukwa kwa kuzungushiwa nyuzi linatolewa kwenye mandreli (ule mhimili linalosukiwa juu yake) kwa kutumia dawa ya kuachisha, nta au silikoni, na dawa hiyo inabaki ndani ya bomba. Watu wanapiga msasa nje kwa bidii alafu fileti za ndani, ile gundi inayojazwa kwenye kona ya pezi na bomba, wanazimimina juu ya nta. Osha ndani kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, asetoni, ndo msasa. Bamba tambarare nazo zinatoka na uso wa kioo, piga msasa mpaka mng'ao wote ufe, lakini usizidishe ukazikata nyuzi za juu kwa sababu hizo ndo zitakazobeba mzigo. Kama kompositi umeitengeneza mwenyewe na kuiachia juu kitambaa cha kubandua (kile kinacholazwa juu wakati wa kutengeneza na kuvuliwa ikishakauka), usidhani ukibandua tu uso uko tayari, pitisha msasa mwepesi.

Alafu kuna utando wa amini. Epoksi nyingi zikikaukia kwenye unyevu au ubaridi zinatoa juu kitu cha nta nta, kinateleza ukipitisha kidole kilicholowa. Huu utando unaondolewa na maji, asetoni inausambaza tu. Maji ya uvuguvugu na kile kipande kigumu cha kusugulia sufuria, futa, kausha, alafu ndo msasa. Ukianza na msasa unauziba msasa na kuusukumia ndani. Kwa anayejenga pwani msimu wa mvua hili lichukulie kwamba lipo kila mara, hata kama hulioni.

Vumbi la kaboni na la faibaglasi sio la kuvuta. Barakoa ya kweli ya vumbi, miwani, na msasa wa maji pale inapowezekana.

DALILI: gundi imepasuka katikati, ipo pande zote

Hapa uso uliuandaa vizuri, hongera kabisa, ila gundi ilikuwa dhaifu au ilipewa mzigo isiouweza. Bonyeza ukucha kwenye gundi iliyobaki. Ikibonyea au kunata, vipimo vya mchanganyiko vilikosewa au haikuiva.

Hapa kwetu kuna sababu ambayo naiona imejificha kwenye mazoea. Mafundi wengi wa faiba, wa boti na wa bodi za magari, wamelelewa na poliesta, ile ambayo ukiongeza matone ya dawa inakauka haraka na ukipunguza inakauka polepole. Epoksi haiko hivo hata kidogo. Epoksi na hadina yake (ile sehemu ya pili inayoikausha) ni vipande viwili vinavyoshikana kila kimoja na mwenzake, ukizidisha hadina inayobaki bila mwenzake inakaa humo ndani kama mafuta, kiungo kinakuwa laini milele na hakuna kusubiri kutakakokisaidia. West System 105 na hadina 205 ni 5 kwa 1, nyingine ni 1 kwa 1, nyingine 2 kwa 1, na angalia kama kiwanda kimeandika kwa ujazo au kwa uzito kwa sababu hizo namba zinaweza kutofautiana. Mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu 0.1 utakuokoa kuliko kukadiria kwa macho. Koroga dakika 2 nzima ukikwangua kuta na chini ya kikombe, alafu hamishia kikombe kingine ukoroge tena, kwa sababu ile iliyoganda ukutani mwa kikombe cha kwanza haikuchanganyika.

Kile kikombe chenye mabaki usikitupe, kiandike tarehe. Kikiwa laini kesho yake, pezi lako nalo ni laini, na umelijua hilo ukiwa bado nyumbani.

Ubaridi: epoksi nyingi chini ya 15°C zinakwenda polepole sana na nyingine zinasimama njiani. Juja, walipo vijana wa mradi wa roketi wa Nakuja wa chuo kikuu cha JKUAT cha Kenya, asubuhi za Julai zinashuka chini ya hapo, kwa hiyo taa ya joto ndani ya boksi la kadibodi usiku kucha ni kitu cha maana. Epoksi za dakika 5 nazo nasema wazi, ni za kushikiza pezi lisimame wakati unaandaa kazi yenyewe, hazivumilii joto wala unyevu na mapezi ya metali hayatakiwi kuzitegemea.

Ukikuta sehemu kubwa haina gundi kabisa, ni nyembamba mno na kavu, ulibana klampu kupita kiasi gundi yote ikatoka pembeni. Tabaka la gundi linatakiwa kubaki milimita 0.1 mpaka 0.25 hivi. Weka vishanga vidogo vya kioo kwenye gundi, au vipande vya uzi mwembamba wa kuvulia samaki wa unene huo, alafu bana kwa upole. Vitundu vingi vya hewa? Ulikoroga kwa fujo, au ulipaka upande mmoja tu ukagandamiza. Paka utando pande zote mbili.

DALILI: kilikuwa kizima karakanani, kimepasuka chenyewe juani au baada ya usiku wa baridi

Hii inawachanganya watu kwa sababu roketi haijaruka hata. Sababu ni kutanuka. Alumini inatanuka sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzijoto 1, kaboni kwa kufuata nyuzi zake inakaribia sifuri, faibaglasi ya G10 iko kwenye 12 mpaka 15 hivi, chuma 12, titani 8.6 hivi. Chukua shina la pezi la milimita 300 na badiliko la nyuzijoto 50, ambalo ni la kawaida kabisa kati ya alfajiri na mchana wa jua kali juu ya roketi nyeusi. Alumini inarefuka milimita 0.345, kaboni haijasogea. Hiyo tofauti yote inabebwa na gundi yenye unene wa milimita 0.1, na inabebwa zaidi kwenye ncha mbili za kiungo, ndo maana mpasuko unaanzia hapo.

Tiba ziko kadhaa na nazipanga kwa jinsi ninavyozipendelea. Badilisha metali kwanza, titani na kaboni ni ndoa nzuri, alumini na faibaglasi inavumilika, alumini na kaboni kwa urefu mkubwa ni matatizo. Kama lazima iwe alumini na kaboni, kata kiungo vipande vifupi au tumia epoksi iliyotiwa mpira ndani yake na tabaka nene kidogo, milimita 0.3 hadi 0.5, ili ipate nafasi ya kunyumbuka. Kama unatumia boliti pamoja na gundi, tundu moja liwe la kubana na mengine yawe marefu ili metali iteleze. Na kumbuka ukioka kiungo cha hivi kwenye 80°C unakifunga kikiwa kimetanuka, kikipoa kwenye 20°C kina mkazo ndani yake kabla hata hujakigusa. Kiungo cha alumini na kaboni mimi ningekiacha kikauke taratibu kwenye joto la chumba kwanza, alafu nikioke kwa kupandisha polepole pale tu safari ya roketi inapokihitaji.

DALILI: fileti imelainika, pezi limeinama, au limeachia baada ya mota kuzima

Kila epoksi ina joto ambalo ikilivuka inaacha kuwa ngumu inakuwa kama mpira. Zinazokaukia chumbani bila kuokwa nyingi ziko kwenye 50 hadi 60°C tu. Gari lililofungwa juani linafika huko, na roketi nyeusi iliyosimama mchana kwenye jangwa la Black Rock kule Nevada nayo inafika. Kuoka kunapandisha hicho kiwango, fuata ratiba ya kiwanda, panda pole pole na shikilia kila hatua, na roketi iwe imefungwa kwenye fremu yake isijepinda ikiwa laini.

Joto la kuruka ni jingine. Hewa ikisimamishwa mbele ya ukingo wa pezi inapata joto, kwenye hewa ya 15°C ukiwa Mach 1.5 (mara 1.5 ya spidi ya sauti) ni karibu 145°C, Mach 2 karibu 245°C. Ni kwa sekunde chache kwa hiyo pezi lote halifiki huko, lakini ukingo wa mbele unafika juu sana, na kama ukingo ni wa metali joto linapita haraka kwenda kwenye gundi ya nyuma yake. Kwa mfano roketi ya Aftershock II ya wanafunzi wa chuo kikuu cha USC cha Marekani, iliyoruka 20 Oktoba 2024 kutoka Black Rock hadi karibu kilomita 143 kwa Mach 5.5, ilivaa titani kwenye kingo za mbele za mapezi. Huko ni mbali na hobi ya wengi wetu, ila mantiki ni ileile, gundi ya ukingo inachaguliwa kwa joto kabla ya nguvu.

Alafu mota. Mapezi yaliyobandikwa moja kwa moja kwenye bomba la alumini la mota, au kwenye bomba jembamba linalolikumbatia, yanakutana na joto baada ya mota kuzima, kwa sababu joto linaendelea kupenya kutoka ndani dakika nzima baadaye. Ndo unakuta roketi imepanda vizuri, video safi, inatua pezi linaning'inia. Ukiona gundi imeacha nyuzi nyuzi za kuvutika badala ya kuvunjika kavu, ni joto. Gundi yenye chuma ndani kama J-B Weld ya asili kiwanda chake kinasema inavumilia mpaka 287°C, lakini kuvumilia sio kubeba mzigo uleule ikiwa kwenye joto hilo. Na epoksi za joto kali za viwandani nyingi zinataka ovena, ukizikausha chumbani tu unapata kitu kinachovunjika kirahisi.

DALILI: nyuzi za kompositi zimeng'oka na gundi

Gundi imeshinda. Ukinunua yenye nguvu zaidi utang'oa nyuzi nyingi zaidi, basi. Kilichokosewa ni namna mzigo unavyoingia. Gundi na matabaka ya kompositi yanapenda kuvutwa kwa mlalo, hayapendi kumenywa kuanzia ukingoni, na bamba nene la metali linaloishia ghafla linamenya. Chonga ncha ya metali iwe nyembamba kuelekea mwisho, acha kigundi kidogo kinachotoka pembeni usikifute chote, tengeneza fileti pana, na kurefusha kiungo bila kikomo hakusaidii kwa sababu ncha ndo zinabeba. Pitisha pezi kwenye ukuta wa bomba mpaka lishikwe na bomba la mota ndani kama muundo unaruhusu, au laza tabaka za faiba kutoka ncha ya pezi moja hadi ncha ya jirani yake.

Lakini tenganisha pezi lililovunjwa na kutua na lile lililovunjwa na flata, yani kupepea hewani. Pezi moja tu limeng'oka, lina udongo kwenye pembe ya nyuma, hapo ni kutua, chora pezi upya ili ukingo wa nyuma usigote ardhi kwanza, au ongeza parashuti. Mapezi mawili au matatu yamepasuka pande zote mbili za shina, kwenye video kuna kutikisika karibu na spidi ya juu kabisa, hiyo ni flata, pezi linapepea kama bendera mpaka linajivunja. Msingi wa hesabu wanazotumia watu wa hobi ni ripoti TN 4197 ya 1958 ya NACA, shirika la Marekani lililotangulia NASA, na kwenye hesabu hizo unene wa pezi ukiongezeka mara mbili spidi ya flata inapanda karibu mara 2.8. Kwa hiyo ongeza unene, punguza urefu wa pezi kwenda nje, na kwenye kaboni laza tabaka za nje kwa pembe ya digrii 45 maana kinachotakiwa ni ugumu wa kujisokota.

DALILI: miezi imepita, unga mweupe na malengelenge pembeni ya kaboni

Kaboni inapitisha umeme, alumini nayo, unyevu wenye chumvi ukiingia kati umetengeneza betri na alumini ndo inaliwa. Gundi inanyanyuliwa kutoka chini na kutu. Mtu wa pwani asilaze kaboni moja kwa moja juu ya alumini, aweke tabaka moja jembamba la kitambaa cha faibaglasi katikati, lizidi kingo kidogo, na matundu ya boliti yavishwe ndani. Skrubu za titani, au stenlesi ya A4 yenye rangi ya kuziba. Na msasa uliopiga kaboni usiupeleke kwenye alumini, vumbi la kaboni linajichimbia humo.

Kupima kabla hujaruka

Kata vipande viwili vya alumini ileile, upana milimita 25 na unene 3, andaa na bandika kwa mpangilio uleule wa pezi. Kikishakauka gongea kabari ya milimita 3 kwenye ncha moja, weka alama mpasuko ulipoishia, alafu tumbukiza kwenye maji ya 50°C usiku kucha. Mpasuko ukisogea mbele sana na kuacha alumini safi, maandalizi yako hayatoshi hata kama kikiwa kikavu kilishika vizuri. Viwanda vya ndege vina kipimo rasmi cha aina hii na hakuna kingine cha nyumbani kinachosema ukweli haraka hivo. Kwa pezi lenyewe pitisha sarafu ukigonga taratibu kando ya shina, sauti kali ni kizima, sauti iliyozimika ni pengo, na rudia kila baada ya kutua.

Ukilazimika kubandua ili urudie, pasha metali na sio kompositi, kwa kipuliza joto na ukipima, usivuke 100°C, gundi ikilainika ingiza kisu cha plastiki. Usichome moto, moshi wake ni sumu. Kompositi yenye tabaka lililong'oka usiijaze kwa gundi tu, piga msasa mpaka tabaka zima, laza faiba mpya kwa mteremko mrefu, iache ikauke kabisa, alafu ndo uanze tena na taulo nyeupe na asetoni.